SAMAKI MZEE WA LAKI NNE: UMNUNUE AU UMWACHE?

SEHEMU YA KWANZA

Wiki hii naomba tuipumzishe mada ya presha na sukari, tutairudia. Kuna ujumbe umeingia inboksi na nimeona jibu lake ni refu kuliko inboksi, halafu naamini litawafaa wengi, hata wewe ambaye hujawahi kufuga samaki na huna mpango huo.

Aliyeandika ni dada mmoja wa hapa hapa Karatu, msomaji wetu wa siku nyingi. Ana nyumba ndogo ya wageni, vyumba sita. Kuna mzee mstaafu kule Arusha anahamia kwa watoto wake Dar es Salaam, anauza vitu vya nyumbani, na kati ya hivyo vitu kuna samaki wa mapambo. Samaki mmoja. Dume, urefu unakaribia rula ya shule, nundu kubwa juu ya paji, mistari saba myeusi kwenye mwili wenye rangi ya samawati. Mzee anasema ni wa Ziwa Tanganyika, katoka Kigoma, ana miaka 12, na ni adimu sana. Bei laki nne, samaki peke yake. Tangi lina bei yake.

Swali la dada, nalinukuu kwa ruhusa yake: "Nesi, nampenda yule samaki, wageni wangu watampenda. Lakini ana miaka 12. Si atanifia mwezi ujao nibaki na deni?"

Msimamo wangu nausema mapema ili asiye na muda asome aende zake. Mimi naona anunue. Ila siyo kwa laki nne, na siyo kabla hajapata umeme wa akiba. Sasa mwenye muda tuendelee, maana sababu zake ndizo zenye utamu.

Tuanze na hilo neno adimu. Linatumiwa vibaya sokoni kuliko hata neno "original".

Samaki anayesemwa wafugaji humwita frontosa. Jina la kitaalamu ni Cyphotilapia frontosa, alielezwa na mtaalamu Boulenger mwaka 1906, na hilo frontosa ni Kilatini, linahusu paji la uso. Yaani walimpa jina la nundu yake. Anaishi Ziwa Tanganyika tu, duniani hakuna pengine. Mwaka 2003 watafiti wakatenganisha wale wa upande wa kusini mwa ziwa wakawapa jina lao, Cyphotilapia gibberosa. Wale wa kawaida wana mistari sita, wa Kigoma ana saba, na huo mstari mmoja wa ziada umempa umaarufu kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mzee hadanganyi kuhusu Kigoma. Dada ahesabu mistari mwenyewe, kuanzia ule wa kichwani.

Lakini adimu? Arusha ndiyo, ni adimu. Karatu ndiyo kabisa, sijui kama yupo wa pili. Ziwani hali ni nyingine, bado yupo, anaogelea kwenye miamba mita ishirini, thelathini na zaidi chini, na alfajiri anapanda kidogo kuvizia samaki wadogo ambao bado wana usingizi. Kwa hiyo anachouziwa dada ni uadimu wa umbali. Ni sawa na kumuuzia mtu wa Kigoma kitunguu cha Mang'ola ukamwambia ni mmea adimu.

Ukitaka kujua samaki adimu kweli ni yupi, muulize mzee yeyote wa Mwanza kuhusu furu. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, vidogo vidogo, watu wakiwaanika na kuwala bila kujua kwamba kila ghuba ina aina yake. Sangara akapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Timu ya watafiti Waholanzi kutoka Leiden ilianza kazi Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakawa wanahesabu furu, na katika miaka ya 1980 walichokuwa wanahesabu kikaanza kuisha mbele ya macho yao. Kuna aina za furu ambazo leo zinajulikana kwenye matangi ya Ulaya na Marekani kuliko ziwani kwetu. Sasa fikiria samaki wa aina hiyo, mzee, wa mwisho wa kizazi chake, yuko kwenye tangi la mtu. Huyo usingeuliza bei. Huyo ungepiga simu kwa watu wanaojua kuzalisha samaki na ungewaomba waje mbio.

Frontosa wa huyu mzee hayuko hapo. Nalisema hili kwa sababu uadimu ukishawekwa mezani, mnunuzi anaacha kuuliza maswali. Anaogopa ataonekana mshamba. Uliza tu.

SEHEMU YA PILI

Mliosoma ya kwanza, asanteni. Komenti nimeziona. Yule kaka aliyeandika "samaki wa laki nne si bora ununue mbuzi" nimecheka, lakini kaka, kuna watu wananunua simu ya milioni mbili wapige picha za mbuzi. Kila mtu na starehe yake. Tuendelee na miaka.

Miaka 12 ni mingi au michache? Inategemea ni samaki gani. Kule Unguja kuna kasamaki kazuri kadogo kuliko kidole, kanaitwa Nothobranchius guentheri, kanaishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wazazi wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua ijayo. Kwake mwaka mmoja ni uzee. Ana ndugu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ambaye anakomaa kwa wiki chache na kuzeeka kwa miezi, mpaka wanasayansi wanamtumia maabara kuchunguza uzee wenyewe unavyokuja. Ukiuziwa huyo akiwa na miezi minane, unauziwa mazishi.

Halafu upande wa pili kuna wale samaki wenye mapafu, jamaa za kamongo wetu. San Francisco kuna mmoja kutoka Australia, wamempa jina Methuselah, alifika pale Steinhart Aquarium mwaka 1938. Hebu piga hesabu, Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijaanza. Mwaka 2023 watafiti wakachukua kipande kidogo cha pezi, wakasoma DNA, wakakadiria ana miaka kama 92. Chicago walikuwa na mwenzake, Granddad, aliyefika Shedd Aquarium mwaka 1933 na akaishi pale hadi 2017.

Frontosa yuko katikati. Anakua polepole, anachukua miaka kama mitatu kukomaa, na akitunzwa vizuri anapita miaka 20. Kwa hiyo samaki wa dada, kama kweli ana 12, huyo ni baba wa makamo. Nundu kubwa wala siyo dalili ya uzee mbaya. Madume wanazidi kuota nundu kadiri wanavyokua.

Neno "kama kweli" nimeliweka kwa makusudi. Umri wa samaki unasomwa kwenye kijiwe kilicho sikioni mwake, kina mistari ya ukuaji kama pete za mti, lakini ili ukisome inabidi samaki awe amekufa. Akiwa hai unabaki na maneno ya muuzaji. Sisi manesi hii tumeizoea. Anakuja bibi kutoka kijijini, hana cheti cha kuzaliwa, ukimuuliza miaka anakwambia "andika themanini". Unamuuliza, bibi, wakati wa Uhuru ulikuwa umeolewa? Azimio la Arusha ulikuwa na watoto wangapi? Vita vya Kagera kijana wako wa kwanza alikuwa darasa la ngapi? Ukitoka hapo una umri unaokaribia ukweli. Dada, mfanyie mzee hivyo hivyo, kwa heshima. "Mzee shikamoo. Huyu samaki alikuwa na ukubwa gani kipindi cha Corona? Alikuwepo wakati wa msiba wa Magufuli? Kuna picha za zamani kwenye simu?" Picha moja ya sebuleni yenye tangi kwa nyuma inakutosha kuliko kiapo.

Sasa jambo ambalo ningependa mlishike, na linahusu hata wazazi wetu: hali ya mwili inakwambia mengi kuliko tarakimu. Wodini nimelaza watu wa miaka 85 wakatembea wenyewe kwenda kwenye gari siku ya kuruhusiwa, na wa miaka 50 ambao figo zao zimechoka kabisa. Kwa hiyo usiende Arusha kumuuliza mzee maswali tu. Nenda ukampime mgonjwa wako.

Fika, kaa mbali na tangi, usigonge kioo. Dakika kumi usifanye chochote. Samaki akishakuzoea, shika saa, hesabu mashavu yanafunguka na kufunga mara ngapi kwa dakika moja kamili. Siyo sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, mnajua wenyewe nawasema akina nani. Andika. Baada ya nusu saa hesabu tena. Namba inayotofautiana sana, au samaki anayepumua shavu moja huku jingine limefungwa, au anayening'inia juu ya maji akivuta hewa, ina maana kuna shida kwenye matamvua au kwenye maji yenyewe.

Halafu mwombe mzee amlishe mbele yako. Hapa usikubali "ameshakula asubuhi". Rudi kesho kama ni lazima. Frontosa ni mvivu, hakimbilii chakula kama sato wa bwawani, anasogea taratibu kama mwenyekiti wa kikao, lakini anakula. Anayechukua chakula akakitema, akachukua tena akakitema, ana jambo.

Tazama mgongo nyuma ya nundu. Mnene na wa mviringo ni vizuri. Ukiona nyama imebonyea, kichwa kikubwa mwili mwembamba, huko ni kukonda kwa muda mrefu na tutarudi kwenye hatari yake. Tumbo lililovimba kama puto na kinyesi cheupe kama uzi ni ugonjwa unaojulikana sana kwa samaki wa Tanganyika, na ukifika hapo mara nyingi ni kuchelewa. Jicho moja lenye ukungu linaweza kuwa jeraha tu, mawili ni maji mabovu. Samaki anayelala ubavu au kichwa chini ana shida ya kibofu cha hewa. Na hili lina historia: hawa wakinaswa kina kirefu hewa iliyo tumboni hutanuka wakipandishwa, kwa hiyo wazamiaji huwapandisha kwa hatua siku kadhaa, au huwatoboa kwa sindano kutoa hewa. Aliyefanyiwa vibaya utotoni huenda anabeba kilema hicho hadi leo.

Mwisho, na watu wengi wanaruka hapa, pima maji ya mzee. Maji, siyo samaki. Tangi lililokaa miaka bila kubadilishwa maji vizuri linakuwa na uchafu ambao samaki ameuzoea kidogo kidogo, kama mtu aliyezoea kuishi na damu pungufu anatembea anasalimia watu. Ukimtoa humo ghafla ukamtia kwenye maji safi, anaweza kufa ndani ya siku mbili, na wewe utasema "alikuwa mzee". Hapana. Umemshtua. Kwa hiyo muulize mzee anabadilisha maji mara ngapi, na ukihama naye chukua ndoo kadhaa za maji yale yale, umchanganyie taratibu.

SEHEMU YA TATU

Hii ndefu, mnivumilie. Nimetoka zamu na chai ipo.

Karatu yetu mnaijua. Tupo juu, na Juni hadi Agosti ukilala bila blanketi mbili ni kwa sababu una tatu. Ziwa Tanganyika juu juu lina nyuzi 25 hadi 27 mwaka mzima. Ina maana samaki huyu hapa kwetu anaishi kwa hita, na hita inaishi kwa umeme.

Hesabu ni nyepesi. Hita ya wati 300 ikiwaka nusu ya siku inakula uniti 3.6. Kwa mwezi ni uniti 108. Pampu ya filta ya wati 30 haizimwi, hiyo ni uniti 22 hivi kwa mwezi. Jumla 130. Kama nyumba yako iko kwenye ile bei ya matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, samaki mmoja anakutoa humo, na hapo hujawasha taa. Dada ana biashara, huenda yuko bei ya kawaida tayari. Wewe wa nyumbani piga hesabu kabla ya kupenda.

Umeme ukikatika, maji ya tangi la lita 400 hayapoi haraka, ni mengi, yanashika joto. Funika kwa mablanketi. Kinachotangulia kuharibika ni filta. Ndani ya filta kuna bakteria wanaofanya kazi ya figo, wanabadilisha ammonia inayotoka kwa samaki kuwa kitu chenye sumu ndogo zaidi. Wale bakteria wanahitaji maji yenye oksijeni yanayopita. Pampu ikisimama saa nyingi wanaanza kufa. Na maji ya Tanganyika yana tabia ya magadi magadi, pH yake inakaribia 9, na kwenye maji ya namna hiyo ammonia inakuwa kali zaidi kuliko kwenye maji ya kawaida. Samaki kijana anaweza kustahimili usiku mmoja wa hivyo. Mwenye umri, mwenye figo na ini zilizokwisha kufanya kazi miaka 12, mimi nisingebahatisha. Pampu ndogo ya hewa ya betri haina bei kubwa. Betri yenye inveta ni bei, lakini dada ana wageni wanaochaji simu, itamfaa kote kote. Hii ndiyo sababu nimesema umeme wa akiba uje kwanza, samaki baadaye.

Jambo zuri ni kwamba kama birika lako linaota ukoko mweupe, una maji magumu, na frontosa anayapenda hayo. Kwa samaki wa Amazon ungelia.

Sasa bei. Kwenye laki nne, mzee anahesabu miaka 12 ya chakula, umeme na mapenzi. Namwelewa kabisa. Lakini mnunuzi halipii mapenzi ya mtu mwingine, na hilo linauma kulisema kwa mzee anayefunga nyumba yake. Ningemwambia hivi: mzee, tangi, filta, hita na mawe nalipa bei ya haki. Samaki naomba uniachie kwa bei ndogo, na nitakutumia video yake kila mwezi. Sidhani kama mtu aliyefuga kiumbe kimoja miaka 12 atakataa hilo, kwa sababu kinachomnyima usingizi siyo laki nne. Anaogopa yule samaki ataishia kwa mtu atakayemweka kwenye beseni. Akikataa, muage vizuri uondoke. Usikope.

Kuna waliosema kwenye komenti, kwa nini asinunue mdogo, wa sentimita tano, aanze naye? Swali zuri. Samaki mdogo wa porini ametolewa ziwani. Jike wa frontosa anabeba mayai mdomoni zaidi ya mwezi bila kula sawasawa, na anatoa watoto wachache, siyo maelfu kama samaki wengine. Kila kinachotoka ziwani kinachukua muda kurudi. Huyu wa Arusha alishatoka, deni lake na ziwa ni la zamani. Najua upande wa pili pia, kuna vijana Kigoma wanaozamia na kulisha familia kwa kazi hiyo, na biashara ya samaki wa mapambo ni halali, iko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Siwalaumu. Ukinunua mpya, uliza karatasi, na usione aibu kumpigia afisa uvuvi wa halmashauri.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Dada ana miaka 57, kanambia mwenyewe na karuhusu niseme. Akinunua samaki mdogo leo, anaingia mkataba wa miaka 20. Nani atamsimamia samaki yeye akiwa na 77? Mtoto wake yuko Mwanza hataki hata kuku. Samaki wa miaka 12 anamwomba miaka sita, saba, labda nane. Hiyo ni ahadi ambayo mtu wa umri wake anaweza kuitimiza mwenyewe. Nashangaa watu wanaogopa samaki mzee kwa sababu atakufa, hawaogopi samaki mdogo kwa sababu ataishi.

Halafu usafiri. Arusha hadi hapa ni kama kilomita 150. Siku mbili kabla asilishwe, maana asiyekula hachafui maji njiani. Ndoo kubwa yenye mfuniko, pampu ya betri, maji yake mwenyewe, blanketi juu apate giza. Safari ianze asubuhi, msisimame Mto wa Mbu kununua ndizi nyekundu, mtakula siku nyingine.

Sasa vaa glovu, hili ni la kazini kwangu. Nilisema tutarudi kwenye samaki anayekonda. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, ni wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, anakaa kwenye matangi, na samaki wazee waliodhoofu wanaweza kuwa naye. Anaingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa mkono wakati wa kusafisha tangi. Hapendi joto la ndani ya mwili, kwa hiyo anabaki kwenye ngozi ya vidole na mkono, anatoa kinundu kisichopona, wakati mwingine vinapanda kwa mstari kuelekea kiwikoni. Dawa zake ni za miezi. Kama una kisukari, kama kinga yako imeshuka, au una kidonda tu mkononi, mwingine asafishe tangi. Na ukiona kinundu cha hivyo, ukifika hospitali mwambie daktari "nafuga samaki". Asipojua hilo atakupa dawa ya jipu, utarudi mara tatu.

Na tafadhali, msije kuniomba vidonge vya hospitali mkamwage tangini. Nimeombwa tetracycline, nimeombwa metronidazole, na jibu ni lile lile. Dawa ya binadamu ikimwagwa ovyo ndipo usugu unapoanzia. Mpigieni daktari wa mifugo.

Siku ya mwisho nayo nitaisema, kwa sababu anayenunua samaki mwenye umri ananunua na hiyo siku. Atakapoacha kula kwa wiki, akalala ubavu, akashindwa kuinuka, usimwache apigwe na wenzake, usimtupe chooni akiwa hai, na usimtie kwenye friza. Mafuta ya karafuu, ambayo Zanzibar imetujalia, ni dawa ya usingizi kwa samaki. Unatikisa matone machache kwenye chupa ya maji mpaka yachanganyike, unamtia samaki kwenye ndoo, unamimina taratibu mpaka alale, halafu unaongeza. Mashavu yakiacha kucheza, mwache humo nusu saa nzima. Hata Granddad wa Chicago wenyewe walimsindikiza hivyo kwa dawa viungo vyake vilipokuwa vinashindwa.

Na akichoka naye akiwa mzima? Usimpeleke bwawani, usimpeleke mtoni, usimwonee huruma ya "nimwache huru". Ya sangara yalianza na watu wenye nia njema.

Kabla sijalala, kuna mmoja kauliza kama huku kwetu hakuna samaki adimu mpaka tununue wa Kigoma. Wapo! Wilaya ya Ngorongoro, Ziwa Natron, kwenye chemchemi za moto pembeni ya ziwa upande wa kusini. Ni jamaa wa sato, wadogo, wa jenasi inayoitwa Alcolapia, na pale Natron kuna aina tatu ambazo wawili kati yao midomo yao inatazama chini. Maji yale ni ya magadi, pH kama 10, joto ambalo ukiweka mkono unautoa. Aina zile zimeachana ndani ya miaka kama elfu kumi tu tangu ziwa kubwa la zamani likauke. Jamaa yao wa Magadi, Kenya, hatoi ammonia kama samaki wengine, anatoa urea, kama mimi na wewe. Nesi nimefurahi kuliko kawaida. Hao hawanunuliwi wala hawachotwi, bonde lile liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2001. Unakwenda Engaresero, unachuchumaa, unawatazama, unarudi.

Dada, Jumamosi ukifika kwa mzee, nirekodie video ya mashavu, dakika moja nzima bila kukata, na nyingine akilishwa. Nitumie hata usiku, niko zamu hadi Alhamisi. Usilipe kitu mpaka nimeiangalia.